Vikao vya mchezo viandikwe kama simulizi, si kama muhtasari

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo linalowahusu watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko Nyanda za Juu Kusini wanaocheza michezo ya kuigiza mezani, hasa wale wanaoandika yaliyotokea mchezoni na kuyaweka mtandaoni. Maandishi hayo hayasomwi. Tunayapenda, tumeyasoma mengi, na tunasema kwa uchungu kwamba mengi yameandikwa kama muhtasari wa kikao cha kamati ya shule: nani alihudhuria, nini kilijadiliwa, nini kiliafikiwa, kikao kikafungwa.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni mwendesha mchezo: ndiye anayeeleza mahali na hatari, na huwasemea watu wote ambao wenzake wanakutana nao njiani. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, na karatasi inayoonyesha nguvu, ujuzi na mzigo wa mhusika huyo. Mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu huamua. Hadithi moja huweza kuchukua vikao 20 na zaidi. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Bibi akisema "Paukwa" nasi tukaitikia "Pakawa", hadithi ni yake mpaka mwisho. Kwenye meza hii msikilizaji naye ana mkono katika hadithi, na hata msimulizi hajui itaishia wapi.

Hapo ndipo penye utamu wote, na hapo ndipo muhtasari unapoua. Tuchukue tukio moja. Muhtasari ungesema: "Kikao kilianza saa 9 alasiri. Wahusika walifika mto Kiwira. Walijadiliana kuhusu njia. Walivuka. Mchukuzi alipoteza mzigo." Msomaji amejua kila kitu na hajaona chochote. Jaribu hivi: "Kiwira ulikuwa umefura. Mganga alitaka wasubiri kukuche. Mchukuzi alikwisha kujitwisha mzigo, akashika njia ya Daraja la Mungu gizani, mwamba ukiwa umelowa. Mezani: anahitaji 15 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Imetoka 14." Maneno hayazidi 40, lakini sasa kuna watu wawili wasiokubaliana, kuna mahali ambapo mtu wa Tukuyu anapafahamu, na kuna namba moja iliyokosekana. Msomaji atataka kujua mzigo ulikuwa na nini.

Mstari ule unaoanza na "Mezani" tunaupendekeza kwa kila anayeandika. Tatizo kubwa la maandishi haya ni kumchanganya mchezaji na mhusika wake: aya moja inasema jina la mwanafunzi wa chuo, aya inayofuata jina la mganga wa karne iliyopita, kumbe ni mtu mmoja. Ndani ya simulizi abaki mhusika peke yake. Mchezaji aonekane tu pale uamuzi ulipofanyika mezani, kwenye mstari wake wenyewe, na mistari hiyo isizidi mitatu kwa kila sehemu. Ikizidi, msomaji hutolewa nje ya hadithi kila anapoanza kuizoea.

Kiswahili nacho kina mtego wake, na hatujaona mtu akiuzungumzia. Kiambishi "a-" kinabeba kila mtu, mume kwa mke, mzee kwa kijana. Katika hadithi ya watu wawili hakuna shida. Katika mchezo wa wahusika watano na adui watatu, utasoma: "Akamvuta, akamsukuma, akateleza, akamshika mguu." Nani kateleza? Mguu wa nani? Mwandishi anajua kwa sababu alikuwepo. Msomaji anarudi nyuma mara moja, mara mbili, ya tatu anafunga simu. Dawa ni kumtaja mtendaji kila anapobadilika, hata kama inaonekana kama kurudia. Kazi ya mhusika hufaa kuliko jina: mchukuzi, mganga, mhunzi, mvuvi wa Matema. Tena majina yenyewe yachaguliwe kwa kumfikiria msomaji. Kundi lililochezea simulizi yake Rungwe likiwa na wahusika watatu ambao majina yao yote yanaanza na "Mwaka-", msomaji mgeni hatawatofautisha hata wakiwa na silaha tofauti. Wape majina yanayoanza kwa herufi tofauti siku ya kwanza kabisa ya mchezo, maana baada ya vikao sita ni vigumu kubadilisha.

Halafu kuna kitenzi chenye "-ka-", ambacho ndicho kinachoisukuma simulizi mbele. Fungua tukio kwa "-li-", liache likimbie kwa "-ka-", lakini mnyororo ukifika vitenzi vinne au vitano ukate kwa kitu kinachoonekana, kinachosikika au kinachosemwa. Vinginevyo msomaji anakimbizwa bila kupumua, na akifika mwisho hakumbuki alipopita. Maneno ya kilugha yaliyosemwa mezani yasifutwe. Mtu akiingia kijijini na kuamkia "kamwene", msomaji anajua ameshafika kwa Wahehe au Wabena. Akisikia "ugonile", anajua yuko kwa Wanyakyusa. Neno moja kwa tukio linatosha.

Sasa namna ya kupata maandishi yenyewe. Asiandike mwendesha mchezo. Mikono yake imejaa, na kwa kuwa anajua siri zote atazimwaga kabla ya wakati. Achaguliwe mchezaji mmoja mwenye kaunta buku, achore safu tatu: nani aliamua nini, dadu ilihitajika ngapi na ikatoka ngapi, na maneno halisi yanayostahili kubaki. Simu irekodi pia, lakini isiwekwe juu ya mbao tupu, kwa sababu kila dadu inayotupwa husikika kama nyundo na kufunika sauti. Ilazwe juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne, na dadu zirushwe kwenye sinia lililotandikwa kitambaa. Simu iwekwe hali ya ndege, kwani kwenye simu nyingi ikiingia simu nyingine rekodi hukatika na hutajua mpaka kikao kimalizike. Na kwa wenzetu wa Rungwe: mvua ikianza kupiga bati hakuna rekodi itakayosikika hata umeweka simu mdomoni. Siku kama hiyo kaunta buku ndiyo itakayookoa.

Ukihesabu maneno 100 tu kwa dakika, kikao cha saa 3 kina maneno 18,000. Msomaji wa simu tungemwandikia kati ya 800 na 1,000 kwa sehemu moja. Hata kikao kikitoa sehemu mbili, unabakisha neno moja kati ya tisa. Kazi ya kuandika simulizi ya mchezo ni kazi ya kukata, na wengi wanashindwa kwa sababu kila kitu kilikuwa kitamu walipokuwa pale. Mabishano ya kanuni yatoke yote. Ununuzi wa vitu utoke, isipokuwa kitu kitakachokuja kuhitajika. Kama kamba ya mita 15 iliyonunuliwa sokoni Mwanjelwa itakatika sehemu tatu mbele, itajwe siku ya kununuliwa, mstari mmoja tu, bila kuikazia macho. Mapigano ndiyo yanayonenepesha maandishi kuliko kitu kingine. Wahusika 4 wakipambana na adui 3 kwa mizunguko 5, zamu ni 35. Msomaji anahitaji zamu tatu: ile iliyoonyesha hatari, ile iliyogeuza mambo, na ile iliyomaliza. Nyingine 32 zipite kwa sentensi mbili.

Andika ndani ya siku mbili. Baada ya hapo unaanza kukumbuka matokeo na kusahau mashaka, nawe utaandika kana kwamba wahusika walijua wanakoelekea.

Juu ya dadu tuna msimamo mkali. Unaweza kuchagua cha kusimulia, unaweza kupanga upya maneno yaliyosemwa kwa kukatizana, lakini uamuzi wa mchezaji na namba ya dadu havibadilishwi. Mwandishi akianza kumwokoa mhusika anayempenda kwa kuandika 17 badala ya 4, simulizi yake imekuwa hadithi ya kutunga kama nyingine, tena dhaifu, kwa sababu mtunzi mzuri angepanga vizuri zaidi ya dadu. Nguvu ya maandishi haya ni kwamba yalitokea. Kwa hiyo namba inayohitajika itajwe kabla ya matokeo, kamwe isiwe baada. Kuhitaji 15 au zaidi kwenye pande 20 ni namba 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Msomaji asiyejua hesabu hizo bado anahisi kwamba ni kazi ngumu. Wasiokuwa na dadu ya pande 20 hutumia vipande 20 vya karatasi ndani ya kopo, na ni njia nzuri, mradi kipande kirudishwe na kopo litikiswe kabla ya kuchomoa tena. Kisiporudishwa, uwezekano unabadilika kila mara na mwishoni mchezaji mwenye kumbukumbu nzuri anajua kilichobaki. Wanaotumia dadu mbili za kawaida za pande sita waseme hivyo mwanzoni, maana huko namba hazina uzito sawa: 7 ina njia 6 kati ya 36, ilhali 12 ina njia moja tu. Msomaji akidhani 12 ni rahisi kama 7, hatashangilia inapostahili.

Tunakuja kwenye kichwa cha habari. Kwa Kiingereza mfululizo mrefu wa vikao huitwa kampeni, na wengi wamelichukua neno lilivyo. Tunawasihi waliache. Nchini kwetu neno hilo lina kazi yake, na mtu akiona "Kampeni ya Mbozi, siku ya nne" atafikiri ni mkutano wa mgombea. Anayeifungua atakuwa ametafuta kitu kingine, na ataondoka. Liitwe simulizi au msafara. Na "Kikao cha 14" si kichwa, ni namba ya jalada. "Sehemu ya 14: Mzigo Uliobaki Ziwa Ngozi" kinamwambia msomaji mahali na tatizo, na anayetafuta habari za Ngozi anaweza kukutana nacho. Lakini ziwa liwemo kweli ndani ya sehemu hiyo. Jina la mahali likiwekwa kwa ajili ya kuvuta tu, msomaji anaondoka katika aya ya pili na hakuamini tena. WhatsApp na Facebook hukata ujumbe mrefu na kuficha uliobaki, kwa hiyo mistari miwili ya kwanza ndiyo mlango. Isitumike kwa salamu na kuomba radhi kwa kuchelewa.

Wasomaji wa Kiswahili wamelelewa na hadithi za magazetini na simulizi za mitandaoni. Wanaijua "Ilipoishia", wanaijua "Sasa endelea". Tumieni desturi hiyo. "Ilipoishia" iwe na maneno 40, isizidi 60, na isieleze yote yaliyopita. Ieleze tu lile ambalo bila kulijua sehemu hii haieleweki. Chini yake orodha ya wahusika, mstari mmoja kila mmoja: "Mchukuzi: anadaiwa ng'ombe wawili", "Mganga: haamini mizimu ya baba yake". Mwishoni kiungo cha sehemu iliyotangulia na inayofuata, kwani mitandao haiwapangii watu mambo kwa mfuatano, na mgeni huingia kupitia sehemu ya 9 mara nyingi kuliko ya 1. Sehemu ifungwe pale mhusika anapotakiwa kuamua, si lazima pale anaponing'inia juu ya korongo. Korongo kila wiki huchosha.

Kinachoua simulizi hizi kuliko uandishi mbaya ni kukatika. Kundi linaanza kwa moto, sehemu tano zinatoka, kisha kimya. Msomaji aliyeachwa hivyo mara mbili hataanza ya tatu. Msitoe sehemu ya kwanza kabla hamjawa na tatu mkononi. Kundi linalokutana kila baada ya wiki mbili, likipata sehemu mbili kwa kikao, linaweza kutoa moja kila wiki, siku ileile, bila kukimbizana. Na akiba ile inampa mwandishi nafasi ya kurudi nyuma na kuitaja kamba ya Mwanjelwa kabla haijakatika. Kalenda ya huku ijulikane mapema: Novemba mvua zinaanza, watu wako shambani na kidato cha nne wako kwenye mitihani, Juni hadi Agosti ni mavuno ya mahindi. Akiba ya wiki tatu haitoshi kuvuka misimu hiyo. Ni bora kufunga msimu wa simulizi kwa heshima mwishoni mwa Oktoba, na kutangaza tarehe ya kurudi, kuliko kuacha mtu amekwama pangoni hadi Januari.

Andikeni kwa herufi, msipige picha daftari. Maneno 1,000 ya Kiswahili ni kilobaiti 7 hivi. Picha moja ya simu huweza kufika megabaiti 3, yaani zaidi ya mara 400, na anayenunua bando la siku anajua maana yake. Mwandiko wa mkono kwenye picha aghalabu hautafutiki, na kwenye kioo kidogo unaumiza macho. Picha ya kuweka ni ramani, moja kwa sehemu kadhaa: kalamu nyeusi, karatasi nyeupe, ipigwe dirishani mchana bila mwanga wa kamera, kisha ipunguzwe.

Kujua kama mnasomwa, msihesabu jumla. Linganisheni sehemu na sehemu. Tuseme ya kwanza ilifunguliwa na watu 200 na ya pili na 60: mlango una kasoro, andikeni upya ya kwanza. Ikiwa idadi ilikuwa imetulia mpaka ya 6 kisha ya 7 ikaporomoka, someni ya 6 kwa sauti mtaona mahali mliposhindwa. Aghalabu ni mapigano.

Kuhusu viumbe na mahali: nusu ya maandishi tunayoyaona yamejaa majina ya kigeni ya majitu ambayo hata mwandishi hana picha yake. Tuna zimwi, nunda, joka, kibwengo, na msomaji anawaogopa tangu utotoni. Tuna Ngozi ndani ya kasoko yake, Gangilonga, jiwe la Iringa ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, kimondo cha Mbozi, machimbo ya dhahabu ya Chunya, stesheni za TAZARA usiku wa baridi. Wa Iringa watatamani kumwigiza Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na tunawaelewa, ila tahadhari ni muhimu. Ushindi wa Lugalo wa Agosti 1891, kuanguka kwa ngome yake ya Kalenga Oktoba 1894 na kifo chake Julai 1898 ni historia, na fuvu lake lililorudishwa 1954 liko Kalenga mpaka leo. Dadu zinaweza kuamua Kalenga isianguke. Basi juu kabisa ya kila sehemu uwekwe mstari unaosema kwamba mambo haya yalizaliwa mezani na kwamba historia ni nyingine, kwa sababu mwanafunzi atakayeikuta mtandaoni ataandika kwenye mtihani. Salama zaidi ni kuchezea pembezoni: mchukuzi wa chumvi, mpelelezi, mhunzi wa mikuki. Yule mkubwa apite kwa mbali, kwa kishindo cha watu wake.

Idhini ya wachezaji iombwe kabla ya kurekodi, na tena kabla ya kuchapisha. Mtu huropoka mezani mambo ya nyumbani kwake. Majina halisi yasitokee kabisa. Vilevile maelezo yaliyomo ndani ya vitabu vya visa vilivyouzwa yasinakiliwe neno kwa neno, kwani hayo yana mwenyewe. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zilizotolewa kwa leseni huria ya Creative Commons Januari 2023 zinaruhusiwa kutumika na hata kutafsiriwa, mradi chanzo kitajwe kama leseni inavyotaka.

Ombi letu kwako, Mhariri, linatokana na mfano mmoja. Mwaka 1986 jarida la Comptiq la Japani lilianza kuchapisha maandishi ya vikao vya Dungeons & Dragons, yakiwa yamepangwa kama tamthilia: jina, kisha maneno yake. Wasomaji waliyafuatilia bila kulazimika kuwa wachezaji, na baadaye yakazaa riwaya. Ukurasa wako wa Jumamosi unaweza kulifanya hilo kwa Kiswahili. Tunaomba robo ukurasa kwa wiki nane, maneno 600 kila wiki, "Ilipoishia" ya maneno 40 ikiwa ndani ya hayo 600, na ramani moja ya upana wa safu mbili katika toleo la kwanza na la tano. Sehemu zote nane zitakuwa mezani kwako kabla ya ya kwanza kuchapwa, pamoja na idhini za wachezaji zilizosainiwa na kaunta buku lenye namba zote za dadu, ili mhariri wako ahakiki kwamba palipoandikwa 14 palitoka 14.

Ni sisi wapenzi wa michezo ya kuigiza mezani,
Uyole, Mbeya.